Kusoma umbo la farasi: namna ya kujua atafaa mchezo upi

Wengi wakimtazama farasi huanza na kichwa. Wakiona macho makubwa, masikio yaliyosimama na singa zinazomeremeta, moyo umeshapenda, na moyo ukishapenda macho hayalioni tena goti. Mimi huanza chini, kwenye kwato, nikapanda taratibu, na kichwa nakiacha mwisho. Si kwamba kichwa hakina maana, ila sijapata kumwona farasi aliyechechemea kwa sababu ya sura.

Umbo ni mifupa: urefu wake, pembe zake na jinsi ilivyopangana. Msuli hujengwa, mafuta huja na kuondoka, lakini mfupa wa farasi aliyekomaa ndio huohuo mpaka mwisho. Kwa hiyo usijiulize kama farasi ni mzuri. Jiulize: kazi hii itamchosha wapi kwanza, na je, mahali hapo pana nguvu? Farasi yuleyule anaweza kuwa hodari katika mchezo mmoja na kuharibika mapema katika mwingine, bila yeye kubadilika hata kidogo.

Tukubaliane kwanza juu ya majina machache. Kilele cha mabega ni ule mwinuko ulio mwisho wa shingo, mbele tu ya tandiko. Hapo ndipo kimo cha farasi hupimwa. Muundi ni mfupa wima ulio chini ya goti la mbele, na mwenzake wa nyuma. Chini ya muundi kuna kifundo, kisha kipande kifupi kinachoteremka hadi kwenye ukwato, nami nitakiita shingo ya ukwato. Katikati ya mguu wa nyuma kuna kiungo kilichochongoka kuelekea nyuma; watu wengi hudhani ni goti lililogeuka, lakini kimaumbile ndicho kisigino cha farasi. Goti lake halisi la nyuma liko juu zaidi, karibu na tumbo.

Hatua ya 1: amua kazi kabla hujamwona farasi

Andika kwenye karatasi mchezo wenyewe, kiwango chake, na uzito wa atakayempanda. Kiwango ndicho kinachosahaulika. Anayetaka kuruka vizuizi vya sentimita 90 siku za mapumziko hahitaji mwili wa farasi wa Olimpiki. Mgongo wa wastani na miguu iliyonyooka vinamtosha, na tabia tulivu itamfaa kuliko pembe yoyote ya bega. Kiwango kikipanda, kasoro ndogo hukua nacho, kwa sababu kiungo kilichopinda kidogo huvumilia kazi nyepesi miaka mingi, lakini hakivumilii kupigwa kwa nguvu kila siku.

Kuhusu uzito, kanuni inayotumika sana ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi kama asilimia 20 ya uzito wa farasi, yaani kilo 100 kwa farasi wa kilo 500. Kiuno kipana na muundi mnene humsaidia farasi kuubeba mzigo huo bila maumivu. Mgongo mrefu mwembamba huufanya mzito hata ukiwa chini ya kikomo.

Hatua ya 2: msimamishe ipasavyo

Mahali pawe tambarare na pagumu. Farasi akisimama mteremkoni utaona mabega yaliyoinuka ambayo hayapo, na wauzaji wajanja wanalijua hilo. Utashangaa ni mara ngapi farasi wa kuuzwa husimamishwa miguu ya mbele ikiwa juu ya kijiinuko. Mwombe saisi amvue tandiko na amsimamishe miundi yote minne ikiwa wima, kichwa kimetulia, bila kumnyoosha kama uzi wala kumkusanya kama mpira.

Piga picha ya kila upande. Kamera iwe usawa wa katikati ya kifua, wewe ukiwa hatua nane au zaidi kutoka kwake, umekabili katikati ya ubavu. Ukimpiga kwa simu kutoka karibu, kilicho karibu na lenzi huvimba na kilicho mbali husinyaa, na picha ya namna hiyo imeshamharibia jina farasi mwema na kumpamba mbovu. Alama nyeupe miguuni nazo hudanganya: mguu wenye weupe upande mmoja tu huonekana umepinda hata kama umenyooka. Ukiwa na shaka, uguse. Vidole havidanganywi na rangi.

Hatua ya 3: simama mbali utazame mizani ya mwili

Usikimbilie viungo. Kwanza linganisha urefu wa mwili, kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, na kimo cha kilele cha mabega. Vikikaribiana, mwili ni wa mraba, na farasi wa namna hiyo ni mwepesi wa kugeuka na kusimama. Mwili ukizidi urefu, hatua zinaweza kuwa ndefu na laini, lakini kuukusanya, yaani kuufupisha na kupeleka uzito nyuma, ni kazi. Kisha gawa mwili mafungu matatu: bega, mgongo, na sehemu ya nyuma kuanzia ncha ya nyonga. Yakikaribia kulingana, vizuri. Fungu la katikati likiyameza mengine mawili, daraja ni refu kuliko nguzo zake.

Sasa angalia mwelekeo. Farasi wengine wamejengwa kama wanapanda mlima, kilele cha mabega kikiwa juu ya tako. Wengine wamejengwa kama wanateremka. Usitazame kilele peke yake kwa sababu kirefu kinaweza kukuficha mengine. Linganisha kiwiko na goti la nyuma: kiwiko kikiwa chini mno ya goti hilo, farasi anateremka, hata kama kilele chake kinasema vingine. Anayeteremka hupeleka uzito mbele, na mbele tayari panabeba karibu asilimia 60 ya uzito wa farasi yeyote.

Tahadhari moja: farasi mchanga hukua kwa zamu, nyuma ikitangulia, mbele ikifuata. Farasi wa miaka miwili aliyeinuka tako bado hajamaliza maneno yake, na mifupa ya uti wa mgongo huendelea kukomaa hadi miaka mitano au sita. Mtazame mama yake na baba yake, kisha mrudie baada ya miezi michache.

Hatua ya 4: nyuma, palipo na injini

Nguvu ya kwenda mbele hutoka nyuma na hupita kiunoni. Pima kwa macho pembetatu ya ncha ya nyonga, ncha ya tako na goti la nyuma. Pembetatu pana ina nafasi ya msuli mrefu. Goti la nyuma likikaa chini, usawa wa mstari wa tumbo, mguu una mkono mrefu wa kusukuma. Likikaa juu sana, hatua hufupika.

Kiuno ni ile sehemu kati ya ubavu wa mwisho na nyonga, na haina mbavu za kuishikilia. Kiwe kifupi na kipana. Upana wa kiganja kimoja kati ya ubavu wa mwisho na nyonga ni mzuri; viganja viwili ni onyo. Pitisha vidole juu ya uti wa mgongo kuelekea tako mpaka usikie kishimo kidogo. Hapo ndipo kiuno huungana na mfupa wa nyonga, na ndipo farasi hukunjia mwili wake anapopeleka miguu ya nyuma chini ya tumbo. Kishimo kikiwa karibu na usawa wa ncha mbili za nyonga, ana urahisi wa kukaa chini, kuruka na kusimama ghafla. Kikisogea nyuma sana, kila kazi inayodai kukunja mgongo itamgharimu.

Ungenilazimisha nichague sehemu moja tu ya kumtazama farasi wa michezo ukiacha miguu, ningechagua hiki kiuno.

Hatua ya 5: bega, kilele na shingo

Farasi hana mtulinga. Kifua chake chote kimening'inia kati ya miguu ya mbele kwa msuli na kano, kama mzigo kwenye machela, na ndiyo maana bega lake linaweza kuteleza mbele na nyuma. Fuata kwa kidole uti wa mfupa wa bega kutoka kilele hadi ncha ya bega. Bega lililolala, nyuzi 45 hadi 50 hivi, huruhusu hatua ndefu na hupunguza mtikisiko. Lililosimama hufupisha hatua na kurudisha mshindo kwa mpandaji. Halina laana kila mahali, maana kwa farasi wa kuvuta gari bega lililosimama kiasi hukaa vizuri kwenye kola ya kuvutia, ile pete nene anayovishwa shingoni.

Mfupa unaoshuka kutoka ncha ya bega hadi kiwiko haupati sifa unazostahili. Ukiwa mrefu, mguu hukunjuka na kuinuka vizuri. Ukiwa mfupi na umelala, mguu hukaa nyuma chini ya mwili. Jaribu kupitisha ngumi kati ya kiwiko na mbavu. Ikikwama, kiwiko kimebanwa, na mguu hauwezi kuzunguka kwa uhuru.

Ng'ombe haelemewi na nunduye, walisema wahenga. Farasi asiye na mwinuko wa mabega anamwelemea mpandaji, kwa sababu tandiko litateleza kila kona. Kilele kizuri huteremka polepole kuingia mgongoni, tandiko likapata pa kukaa. Kirefu na chembamba kama kisu nacho huleta vidonda.

Shingo ni mizani ya farasi. Angalia mambo mawili: inaingilia wapi kifuani, na inaungana vipi na kichwa. Iliyotoka juu ya kifua humsaidia anayetakiwa kuinua mbele. Iliyotoka chini humfaa anayefanya kazi kichwa kikiwa usawa wa mgongo. Kwenye koo, ngumi iingie kati ya mataya, na mahali pa kukunjia pawe pembamba. Shingo nene hapo humzuia kukunja kichwa bila kubana pumzi. Kuna shingo iliyopinduka, mbonyeo juu na uvimbe chini. Usiihukumu upesi, kwa maana mara nyingi ni msuli uliojengwa vibaya na mpandaji mwenye mkono mgumu. Papasa mahali shingo inapoanzia: ikiwa mifupa imeshuka chini, hiyo ni asili, kama ni msuli tu, miezi ya kazi nzuri itaubadilisha.

Hatua ya 6: miguu, na uzi wa timazi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Chukua timazi, au uzi wowote wenye kitu kizito mwishoni, kama mwashi anayepima ukuta.

Mbele ya farasi, shusha uzi kutoka ncha ya bega. Unapaswa kupita katikati ya goti, katikati ya muundi, katikati ya kifundo, hadi katikati ya ukwato. Ukwato ukielekea ndani, farasi atatupa mguu nje akitembea. Inakera macho lakini mara nyingi haiumizi mguu mwingine. Ukielekea nje, atautupa ndani, na hapo anaweza kujigonga. Muundi ukitoka chini ya goti ukiwa umesogea upande wa nje, kama droo iliyofungwa vibaya, mifupa midogo ya kando hubeba zaidi ya haki yake, na utakuta vinundu vigumu upande wa ndani wa muundi.

Ubavuni, shusha uzi kutoka katikati ya juu ya mfupa wa bega. Upite katikati ya goti na kifundo, uguse ardhi nyuma kidogo ya ukwato. Goti lililosukumwa mbele kidogo linaonekana baya lakini wengi huishi nalo salama. Lililorudi nyuma ndilo la kuogopa. Katika shoti, mguu mmoja wa mbele hubeba karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, goti hujipinda zaidi nyuma, na vijifupa vya mbele hugongana hadi kumeguka. Niliwahi kumpitisha farasi jike wa mbio mwenye mwendo kama maji yanayotiririka, goti limerudi nyuma kidogo. Nikasema ni kidogo tu. Msimu wa pili eksirei ikaonyesha vipande vya mfupa. Tangu hapo neno "kidogo" silitumii tena kwa goti.

Zungusha utepe chini tu ya goti. Kanuni ya zamani ni sentimita 18 hivi za mzunguko kwa kila kilo 450 za uzito. Angalia pia kama mzunguko wa hapo ni mdogo kuliko wa juu ya kifundo. Ukiwa hivyo, kano zimebanwa nyuma ya goti. Muundi mfupi ni bora kuliko mrefu katika karibu kila mchezo, kwa sababu kano fupi zina kazi ndogo ya kujinyoosha.

Shingo ya ukwato ifuate pembe ya bega. Ndefu iliyolala humpa mpandaji starehe ya kiti chenye springi, na gharama yake hulipwa na kano za nyuma ya mguu. Fupi iliyosimama hupeleka mshindo moja kwa moja kwenye viungo vya ndani ya ukwato. Ya kati ndiyo salama.

Nyuma ya farasi, uzi kutoka ncha ya tako upite katikati ya kisigino, muundi na ukwato. Visigino vilivyokaribiana kidogo, mguu mzima ukielekea nje kidogo, ni maumbile ya kawaida. Goti la nyuma lazima lipate nafasi kando ya tumbo. Ubavuni, uzi huohuo uguse ncha ya kisigino na kushuka ukifuata nyuma ya muundi. Mguu uliokunjika kama mundu huweka mzigo kwenye kano iliyo nyuma ya kisigino. Ulionyooka kama nguzo hauna springi: kano inayobeba kifundo huchoka, na kifuniko cha goti la nyuma kinaweza kukwama. Kati ya hayo mawili, mundu wa wastani nausamehe kwa farasi wa kuchunga ng'ombe. Nguzo siisamehe kwa farasi wa dresaji, mchezo wa kuonyesha miondoko iliyofunzwa kwa makini.

Hatua ya 7: kwato

Ziwe za ukubwa unaolingana na mwili, zinazofanana mbili mbili, nyuma pana, pembe ya ukuta wa mbele ikiendeleza mstari wa shingo ya ukwato. Ukwato mmoja ukiwa mwembamba na umesimama kuliko mwenzake, uliza sababu. Huenda farasi amekuwa akiukimbia uzito upande huo kwa muda mrefu. Ncha ndefu na nyuma iliyolala mara nyingi ni kosa la fundi wa kwato, si la farasi, nalo hurekebishika. Kwamba ukwato mweupe ni dhaifu kuliko mweusi, hiyo ni hadithi tu.

Hatua ya 8: mtembeze

Mguu uliosimama husema nusu ya habari. Mwambie saisi amtembeze akija kwako na akienda mbali, kisha kwa ubavu, kisha mchakamchaka. Penye mchanga, tazama nyayo: katika kutembea, ukwato wa nyuma uangukie kwenye alama ya ule wa mbele au uipite. Mimi huamini zaidi kutembea na mbio kuliko mchakamchaka, kwa kuwa mchakamchaka hukubali mafunzo, kutembea hukubali machache sana. Ukiona mguu ulionyooka kwa timazi unatupwa kando ukitembea, au uliopinda unakwenda sawa, amini mwendo.

Hatua ya 9: linganisha na kazi

*Mbio.* Akiwa katika shoti, farasi huvuta pumzi moja kwa kila hatua. Hawezi kupumua nje ya mdundo huo. Ndiyo maana nafasi ya mataya, koo huru na kifua chenye kina ni muhimu kuliko upana wa kifua. Wa masafa mafupi ni mnene nyuma, mwenye mapaja yaliyojaa, kama jamii ya Quarter Horse iliyopewa jina kwa robo maili yake, mita 402. Wa masafa marefu ni mwembamba, mrefu wa hatua. Secretariat, aliyeshinda mbio za Belmont Stakes za Marekani mwaka 1973 kwa dakika 2 na sekunde 24 akiwaacha wenzake kwa urefu wa farasi 31, alikuwa na vyote viwili, kifua kirefu na nyuma yenye nguvu, lakini usitafute Secretariat; hutampata. Udadisi wa siri ya mwili wa farasi mshindi si wa leo. Eclipse, farasi wa mbio wa Uingereza ambaye hakushindwa hata mara moja, alipokufa mwaka 1789, daktari wa mifugo Mfaransa Charles Vial de Sainbel alimpasua na kumpima mfupa kwa mfupa ili aijue. Kwa mbio, goti lililorudi nyuma linatosha kukataa.

*Dresaji.* Kazi yake ni kuhamisha uzito kutoka mbele kwenda nyuma huku farasi akibaki mwepesi. Kwa hiyo anayepanda mlima kwa maumbile ameshapewa nusu ya kazi bure: shingo ya juu, bega lililolala, kiuno kifupi, kishimo cha mgongo karibu na nyonga, na mguu wa nyuma unaokunjika bila kuburuza. Mgongo mrefu kidogo si msiba ikiwa kiuno ni kipana, na hutoa mwendo mzuri wa pembeni. Hapa ndipo miguu ya nyuma iliyonyooka huumbuka, kwa sababu mafunzo ya juu yanadai kukunja kisigino tena na tena mahali pamoja. Ukubwa hauhitajiki. Valegro, aliyepata asilimia 94.3 kwenye dresaji ya muziki London mwaka 2014 akiwa na Charlotte Dujardin, hakuwa jitu. Alikuwa amejaa nguvu nyuma.

*Kuruka vizuizi.* Tazama nyuma kwa ajili ya kupaa na mbele kwa ajili ya kutua. Nyonga ndefu, goti la nyuma lililoshuka na kisigino chenye pembe humrusha. Mfupa mrefu kati ya bega na kiwiko humsaidia kukunja magoti ya mbele juu ya mti. Wakati wa kutua, mguu mmoja wa mbele huwahi mwenzake, na kwato, shingo za ukwato na kano ndizo zinazolipa. Kwa hiyo farasi mwenye kipaji cha kupaa na kwato mbovu ni deni. Rekodi ya dunia ya kuruka juu, mita 2.47, iliwekwa mwaka 1949 nchini Chile na Huaso, farasi aliyezaliwa kwa ajili ya mbio. Anayeshindana siku tatu, akicheza dresaji, kukimbia mashambani na kuruka, anahitaji mwili wa mbio uliopunguzwa makali, na miguu isiyo na udhuru.

*Masafa marefu.* Shindano la kilomita 160 kwa siku moja haliangalii uzuri wa shingo. Joto ndilo adui. Mwili mdogo, mkavu, wenye misuli mirefu mipana isiyojaa, hupoa upesi, na mapigo ya moyo lazima yashuke hadi 64 kwa dakika mbele ya daktari, vinginevyo safari imekwisha. Ndipo farasi wa Kiarabu hutawala. Taka mgongo mfupi, muundi mnene, kwato ngumu za mviringo, na mwendo usiogongana. Kasoro ambayo mpanda dresaji haioni, kwa mfano ukwato unaogusa mwenzake mara moja katika hatua mia, hapa itakuwa kidonda kabla ya saa sita mchana.

*Kuchunga ng'ombe na polo.* Farasi wa ng'ombe awe chini: visigino karibu na ardhi, kilele usawa wa tako, shingo isiyotoka juu, mapaja mazito. Wa polo awe mwepesi zaidi, kimo cha kati, mgongo mfupi, kwa sababu kila kipindi cha dakika 7 hivi kina mizunguko na kusimama ghafla kusikohesabika.

*Matembezi na wanaoanza.* Mgongo wenye nafasi ya tandiko, shingo ya ukwato ya wastani, kwato nzuri. Mengine yote samehe, ila tabia.

Hatua ya 10: panga kasoro kabla ya kuamua

Chora safu tatu. Ya kwanza ni kasoro za mfupa zinazopigwa na kazi uliyoandika hatua ya kwanza, kama goti la mbele lililorudi nyuma kwa mbio au mguu wa nguzo kwa dresaji. Ya pili ni kasoro za mfupa ambazo kazi hiyo haizigusi sana. Ya tatu ni zile za msuli, unene na kwato zilizochongwa vibaya. Jambo moja likiwa safu ya kwanza, ama badili kazi ama badili farasi. Mambo matano yakiwa safu ya tatu, una mradi wa mwaka mmoja, si tatizo.

Angalia pia kama kasoro zinashirikiana. Mgongo mrefu peke yake huvumilika. Ukiungana na kiuno chembamba na miguu ya nyuma iliyonyooka, vitatu hivyo vinasukuma mzigo mahali pamoja. Umri nao una sauti. Farasi wa miaka 12 aliyefanya kazi hiyohiyo miaka saba bila kuchechemea ameshajibu kwa mwili wake maswali ambayo timazi inauliza tu. Stroller, aliyeshinda medali ya fedha ya kuruka vizuizi katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa na Marion Coakes, alikuwa poni wa chini ya sentimita 148. Na Seabiscuit, farasi wa mbio wa Marekani ambaye magoti yake yalichekwa, alimshinda bingwa War Admiral mwaka 1938. Hao ni watu wazima waliojithibitisha. Mtoto wa miaka mitatu mwenye magoti hayohayo hajathibitisha lolote, na huyo ndiye unayeombwa kumnunua.

Kilichobaki katika safu ya kwanza na ya pili mpelekee daktari wa mifugo kikiwa kimeandikwa kiungo kwa kiungo, ili eksirei ipigwe pale ulipopatilia shaka na si mahali anapozoea kupiga kila siku.